Kontroboksi mpya, sensa za kiwandani zing'oke?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Mark II yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE VVT-i, nimenunua kontroboksi (kompyuta ya injini) ya MegaSquirt, sasa jamaa mmoja wa gereji ananiambia nitoe sensa zote za Toyota nifunge za GM (kampuni ya magari ya Marekani), na bei aliyonitajia imenitoa jasho. Ni lazima kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. We ziache zikae. Sensa ya joto la maji ni rezista tu, yaani kizuizi cha umeme, omu zake (kipimo cha kizuizi hicho) zinashuka kadiri injini inavyopata moto, haijali inasomwa na nani. Shida MegaSquirt inakuja na hesabu za GM, ukichomeka ya Toyota hivihivi itasoma joto la uongo, gari inywe mafuta au igome kuwaka asubuhi. Chukua maltimita, kipima joto na sufuria, pima omu kwenye maji ya barafu, ya kawaida na yanayochemka, ingiza namba hizo kwenye programu, kwisha. Ya joto la hewa nayo ina hesabu zake, na ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) unaiseti tu ikiwa imefungwa na ikikanyagwa mwisho.

Sensa ya krenki (shafti kuu ya injini) nayo inabaki, gia yake ina nafasi za meno 36 ila mawili yamekosekana, kwa hiyo chagua 36-2 halafu hakiki muda wa cheche kwa taimingi laiti (taa ya kupimia muda huo) kabla hujaenda kokote, hapo usilete uvivu bwana, turbo haisamehe.

Ya kubadilisha ni oksijeni. Ile ya kiwandani inajua tu kama umevuka hewa 14.7 kwa mafuta 1 au bado, haikwambii umevuka kiasi gani. Hela ya sensa za GM kanunulie waidibendi, sensa ya oksijeni inayokwambia kiasi chenyewe.