Impakti fakta ya jarida: jibu refu la mkutubi aliyewahi kuikokotoa kwa mkono

Dokta, umeuliza hivi: msimamizi wako kakuambia andiko lako la wagonjwa walioumwa na nyoka usilipeleke kwenye jarida lolote lenye "impakti" chini ya 2. Hujui hiyo 2 imepimwa kwa mizani gani, na unashangaa jarida la hapa nyumbani ulilolisoma tangu mwaka wa kwanza halina namba hiyo kabisa. Mpaka sasa umejibiwa "nenda Q1 tu mkuu, acha maswali mengi", yaani robo ya juu ya majarida ya fani yakipangwa kwa namba.

Mimi ni mkutubi. Nimekaa miaka kumi na saba kwenye maktaba ya chuo cha udaktari, na sita kati ya hiyo nilikuwa pia katibu wa jarida dogo la chuo, kazi isiyo na posho wala shukrani. Hiyo namba naijua kuanzia jikoni, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali.

Impakti fakta, ambayo wengine tunaiita kipimo cha athari, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida zinarejelewa na wengine, ni mtoto wa maktaba. Mwaka 1927 Gross na Gross wa chuo cha Pomona, California, walikuwa na swali ambalo kila mkutubi limewahi kumnyima usingizi: pesa kidogo, majarida mengi, tununue yapi? Wakachukua jarida la Chama cha Kemia cha Marekani la mwaka 1926, wakapitia marejeo yote mwishoni mwa makala na kuhesabu kila jarida limetajwa mara ngapi. Yaliyotajwa sana ndiyo ya kununua. Basi.

Baadaye akaja Eugene Garfield. Mwaka 1955 aliandika kwenye jarida la Science akipendekeza faharasa ya marejeo, yaani chombo cha kukuonyesha nani kamtaja nani. Akaanzisha taasisi yake Philadelphia, na mwaka 1964 faharasa yenyewe, Science Citation Index, ikatoka. Swali lake lilikuwa ndugu wa lile la Pomona: majarida yapi yaingie kwenye faharasa, yapi yabaki nje? Yeye na mwenzake Irving Sher waliona kwamba ukihesabu marejeo peke yake, majarida manene yanayotoa makala mamia kwa mwaka yatayafunika madogo yaliyo bora. Ndiyo maana wakagawa kwa idadi ya makala. Kwa hiyo hesabu inayokutisha leo ilibuniwa ili jarida dogo lionekane! Siku hizi inatolewa na kampuni ya Clarivate, mara moja kwa mwaka.

Yenyewe ni hesabu ya shule ya msingi. Tuseme unatafuta impakti ya mwaka 2024. Unahesabu marejeo yote yaliyofanywa ndani ya 2024 kwenda kwa vitu ambavyo jarida lilichapa 2022 na 2023. Unagawa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Kama jarida lilitoa makala 40 na zikarejelewa mara 60, jibu ni 1.5.

Mchezo uko kwenye hesabu ya juu na hesabu ya chini. Juu yanaingia marejeo kwa chochote kilichochapwa: makala, tahariri, barua, maoni. Chini zinahesabiwa makala za utafiti na za mapitio tu. Jarida kubwa lenye tahariri kali na safu ya barua motomoto linavuna marejeo ambayo hayana mwenzake huku chini. Na nani anaamua kipi ni makala na kipi ni "habari"? Kampuni. Mwaka 2006 wahariri wa jarida la tiba la PLoS Medicine waliandika waziwazi kuhusu mazungumzo yao na waliokuwa wakitoa namba hiyo wakati huo: kutegemea nini kingehesabiwa chini, impakti yao ingeweza kuwa chini ya 3 au kufika 11. Makala zilezile, wasomaji walewale. Siku niliposoma hilo niliacha kuiogopa hiyo namba.

Kitu cha pili ni kwamba marejeo yanayohesabiwa ni yale tu yanayotoka kwenye machapisho yaliyomo ndani ya orodha ya kampuni. Hapa nina kidonda changu. Mhariri wetu mkuu aliniambia nikokotoe impakti ya jarida letu, eti tuiweke kwenye jalada. Nikakaa na Excel wiki mbili. Nikitafuta mtandaoni kwa ujumla, marejeo yalikuwa ya kuridhisha. Nilipoondoa yasiyotoka kwenye orodha, zaidi ya nusu yakayeyuka: tasnifu za uzamili, ripoti za wizara, miongozo ya tiba, na majarida ya Afrika ambayo kampuni haikuwa ikiyasoma. Tulikuwa na makala ya muuguzi mmoja kuhusu kuhifadhi insulini kwenye mtungi wa udongo kwa wagonjwa wasio na friji. Kwenye hesabu yangu ilipata sifuri. Mwaka huohuo nilienda wilayani kumpeleka mama yangu kliniki ya kisukari, nikaikuta imetolewa fotokopi na kubandikwa ukutani juu ya meza ya muuguzi, pembe moja imeliwa na mende. Nikamwambia mhariri jalada tuliache kama lilivyo.

Halafu kuna wastani. Wewe ni daktari, unajua kwamba wastani wa mshahara kwenye chumba ukiingiza bilionea mmoja haukuambii chochote kuhusu mhudumu wa wodi. Jarida la fuwele, Acta Crystallographica sehemu A, lilikuwa na impakti ya kama 2 hivi. Mwaka 2008 George Sheldrick akachapa humo makala kuhusu SHELX, programu zake za kompyuta za kuchambua muundo wa fuwele, na kila aliyezitumia akaombwa airejelee. Impakti ya mwaka 2009 ikaruka hadi 49.9. Makala moja! Wengine wote waliochapa humo wakajikuta wamekaa kwenye jarida la kifahari bila kubadilisha hata nukta. Na huo haukuwa muujiza wa mara moja tu. Per Seglen aliandika kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza, mwaka 1997 kwamba, katika majarida aliyoyachunguza, asilimia 15 ya makala zilizorejelewa zaidi zilibeba nusu ya marejeo yote. Makala nyingi ndani ya jarida ziko chini ya impakti ya jarida lenyewe. Kwa hiyo anayekupandisha cheo kwa impakti ya jarida anakupa sifa za jirani.

Mfano mwingine wa karibu na fani yako ni The Lancet. Impakti ya 2020 ilikuwa 79, ya 2021 ikawa 202, ya 2022 ikashuka hadi 168.9. Wahariri hawakuamka siku moja wakiwa na akili mara mbili na nusu. Ilikuwa korona, kila mtu aliandika juu ya ugonjwa mmoja na kurejelea makala zilezile za mwanzo. Na ukitaka kujua bingwa mwenyewe, ni jarida la saratani la Marekani, CA: A Cancer Journal for Clinicians, lililofika 286 mwaka 2021. Linachapa makala chache, na miongoni mwake zimo takwimu za saratani za kila mwaka. Yeyote anayeandika kuhusu saratani popote duniani anaanza na sentensi ya "idadi ya wagonjwa wapya ni kadhaa", na hapo anarejelea takwimu hizo. Ni jarida zuri. Lakini kulilinganisha na jarida la hisabati, ambako impakti ya 2 ni jambo la kujivunia, ni kupima kina cha kisima kwa kilo.

Nyoka nao wana hali yao. Wanaoandika kuhusu sumu ya nyoka ni wachache, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017 tu. Fani yenye waandishi wachache ina marejeo machache, na majarida yake yatakuwa na namba ndogo hata yakiwa bora kuliko yote. Swali la kwanza kwa msimamizi wako, kwa adabu zote: hiyo 2 ni ya fani ipi?

Sasa niseme ya wajanja.

Niliwahi kuwa mwandishi wa tatu kwenye makala tuliyoipeleka jarida moja la nje. Wapitiaji wakaikubali. Kisha ikaja barua ya mhariri: tutafurahi kama mtaongeza marejeo matano kutoka jarida letu, "hasa ya miaka miwili iliyopita". Wenzangu wakaona ni ushauri wa kitaaluma. Mimi nikacheka peke yangu ofisini, kwa sababu unajua miaka miwili ndiyo dirisha la hesabu. Tuliongeza mawili yaliyohusiana kweli, tukakaa kimya kuhusu mengine. Sijivunii sana hilo kimya.

Brazil walikwenda mbali zaidi, na kisa chao ningependa kila kamati ya vyeo huku kwetu ikisome. Kule wakala wa serikali, CAPES, ulipima programu za uzamili na uzamivu kwa daraja la majarida ambamo wanafunzi na walimu walichapa, na daraja lilitegemea impakti. Matokeo yake watafiti wazuri waliyakimbia majarida ya nyumbani. Baadhi ya wahariri wakaona jahazi linazama, wakapanga kurejeleana: jarida hili linachapa makala ya mapitio iliyojaa marejeo ya lile, na lile linafanya vivyo hivyo. Mwaka 2013 majarida manne ya tiba ya Brazil yalisimamishwa kwenye ripoti ya impakti kwa kosa hilo. Ni udanganyifu, sikatai. Ila waliowasukuma ukutani hawakusimamishwa na mtu.

Wengine hawajisumbui hata kurejeleana, wananunua. Utapata barua pepe, pengine umeshapata, ikikuita "Profesa Mtukufu" na kukualika kwenye jarida lenye impakti ya 6 na ushee, majibu ndani ya siku tano. Namba hiyo imetoka kwenye kampuni yenye jina linalofanana na la kweli, inayomuuzia namba yeyote anayelipa. Mwenzangu mmoja alilipa ada kwa dola, akachapwa, akapeleka kwenye kamati ya vyeo, na kamati ikakataa makala yote. Impakti fakta yenyewe haitoki kwingine isipokuwa Clarivate. Njoo maktaba tukuangalizie kwenye orodha yao, ni kazi ya dakika mbili, na wakutubi tunapenda kuulizwa. Uangalie orodha ya mwaka huu, usiamini kilichoandikwa kwenye tovuti ya jarida, maana majarida huondolewa: mwaka 2023 Clarivate iliondoa makumi kwa mkupuo, likiwemo jarida kubwa sana la afya ya mazingira na jamii la mchapishaji MDPI.

Wale wa "nenda Q1": Q1 ya nani? Clarivate wana robo zao. SCImago ya Hispania, inayotumia data za Scopus, faharasa nyingine ya marejeo, na kuyapa uzito zaidi marejeo yanayotoka kwenye majarida yenye hadhi, ina robo zake. Jarida moja linaweza kuwa Q1 kwenye tiba ya kitropiki na Q3 kwenye sayansi ya sumu, mwaka uleule. Scopus wenyewe wana CiteScore, inayotumia dirisha la miaka minne, kwa hiyo usichukue CiteScore ya 3 ukamwonyesha msimamizi kama impakti ya 3. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo kwenye usaili.

Wenye sayansi wameshalalamika. Desemba 2012, wakiwa San Francisco, waliandaa tamko la DORA linalosema impakti ya jarida isitumike kumpima mtafiti mmojammoja wala makala moja. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza mwaka 2021 kwamba kinaiacha kwenye ajira na vyeo. Lakini wewe huko Utrecht husomi, na msimamizi wako hukumchagua kwa sababu ya tamko. Usimpelekee vita. Yeye pia alihesabiwa hivyohivyo, na pengine anataka usije ukakwama.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningesoma orodha yangu mwenyewe ya marejeo kwanza: jarida ambalo wewe umelirejelea mara nne ndilo ambalo wasomaji wako wanalisoma. Kwa andiko la nyoka nadhani utaikuta Toxicon na PLOS Neglected Tropical Diseases, na zote ni za heshima. Omba msamaha wa ada ya kuchapa kabla ya kutuma, siyo baada ya kukubaliwa. Majarida hayo yakikataa, Tanzania Journal of Health Research siyo jalala, msimamizi aseme atakavyo. Daktari mwenzangu mmoja alizunguka majarida manne ya nje akishuka ngazi kwa ngazi kufuata namba, miaka miwili, na makala ilipotoka dawa aliyoizungumzia ilikuwa imeshabadilishwa kwenye mwongozo.

Ila kabla ya kutuma popote, lile jedwali la pili uliloliweka kwenye swali lako, la muda tangu kuumwa hadi kufika hospitali: asilimia zake zinajumlika kuwa 104.