Anza na rede, dada

Dada, umeuliza utawachangamshaje wanao wa miaka 7 na 9 wanaoshinda na simu sebuleni, na huko kwenu hakuna timu ya mpira. Jaribu rede. Jaza matambara kwenye soksi kuukuu, ifunge iwe mpira. Wawili warushe, mmoja akae kati akikwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Siku ya kwanza ingia kati wewe mwenyewe! Wangu waliponiona nakwepa, khanga nimeifunga kiunoni, simu waliisahau mpaka magharibi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku kwa umri huo, wala si lazima ziwe za mfululizo. Kuruka kamba, kombolela, vyote vimo. Mvua ikinyesha, washa muziki wacheze ndani.