Sukari ya nini kwenye maji ya chumvi?

SWALI: Mtoto akiharisha, nesi wetu hapa Tukuyu anasisitiza maji ya chumvi yatiwe na sukari. Sukari si ndiyo inazidisha kuhara? – Mama wawili, Rungwe

JIBU: Ikizidi, kweli inazidisha, mama. Ikiwa kwa kipimo, ndiyo inayofungua mlango. Utando wa seli za utumbo ni wa mafuta, chumvi haipenyi hivi hivi. Huvushwa na protini iitwayo SGLT1, inayobeba chembe 2 za sodiamu (ya kwenye chumvi) pamoja na chembe 1 ya glukosi (ya kwenye sukari) kwa mkupuo. Mmoja akikosekana, safari hakuna. Upande wa pili wa seli, pampu nyingine husukuma sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2. Maji hufuata chumvi. Hata kipindupindu hakiiharibu SGLT1, ndiyo maana wagonjwa wengi huokolewa kwa kikombe tu.

Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari) ni bora, maana ina potasiamu pia. Ikikosekana: maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Hapo ndipo wengi hukosea: kijiko chenye mlima kama Rungwe si kijiko! Sukari ikizidi huvuta maji yarudi utumboni. Chumvi ikizidi ni hatari kwa ubongo wa mtoto. Onja kwanza, yasizidi chumvi ya machozi.

Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Maji hayo yakifikisha saa 24, mwaga. Macho yakibonyea, akilegea au choo kikiwa na damu, mkimbize kituo cha afya.