Kabla Hujamkaribisha Mwanamuziki Studioni, Washa Redio

Msomaji mmoja kaniandikia. Amepewa saa moja kila wiki kwenye redio ndogo ya kujitolea, apige muziki anaoupenda na kuwahoji wanamuziki wa karibu naye. Ana maswali matatu: anunue maiki gani, aulize nini, na wageni atawapata wapi. Ujumbe wake umenikuta na donge kooni, kwa hiyo jibu litakuwa refu kuliko alivyoomba. Anivumilie.

Donge lenyewe ni hili. Wiki iliyopita nilikuwa nafua, redio iko dirishani, nimefungulia kituo kikubwa. Wakamleta studioni kijana mpiga gitaa ambaye siku hizi huhitaji kumtambulisha kwa mtu. Mtangazaji akamuuliza kama amewahi kuhojiwa redioni. Akajibu, "Hapana, leo ndiyo mara yangu ya kwanza." Nikaliachia shati ndani ya beseni. Kijana yule nimemhoji mimi! Miaka minne iliyopita, enzi zile zipu ya begi lake la gitaa imekufa na amelifunga kwa kamba ya kiatu. Na hakuishia hapo. Akasimulia habari ya penseli, ile ile, hadi pale pa kuchekea.

Ngoja niieleze hiyo penseli, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la swali la pili.

Kipindi changu kina mwaka wa sita sasa. Silipwi, na sijawahi kudai. Miezi ya mwanzo niliamini mahojiano ni maswali, basi nilikuwa naandika maswali ishirini na tano kwenye karatasi na kuyauliza kwa mpangilio kama karani. Mwimbaji mmoja aliniambia, sauti imemshuka, kwamba dada yake waliyekuwa wakiimba pamoja tangu utotoni ameacha muziki na hawasemezani. Mimi nikamjibu, "Sawasawa. Na albamu inatoka lini?" Nilipousikiliza mkanda ule nyumbani nilihesabu "sawasawa" zangu. Zilikuwa thelathini na moja. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwangu mimi mgeni alikuja na mwenyeji akazidiwa.

Huyo kijana naye nilimwanza vivyo hivyo. Ulianza muziki lini, nani anakuvutia, una ujumbe gani kwa vijana wenzako. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari, ananijibu kama anayejaza fomu. Nikapiga wimbo ili nipumue. Maiki zimefungwa, namwona anatoa penseli mfukoni na kuanza kusugua ncha yake kwenye vile vijifereji vinavyopitisha nyuzi, kule juu karibu na vigingi. Nikamuuliza, wala si kama mtangazaji, ni ushamba wangu tu: "Unafanya nini?"

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Uzi wa tatu ulikuwa unang'ang'ania kwenye kijifereji. Anaukaza, haujongei; halafu katikati ya wimbo unachomoka ghafla na gitaa zima linasikika limelewa. Ule unga mweusi wa penseli unaulainishia njia. Aliyemfundisha ni seremala mmoja aliyekuwa akipiga besi jioni, ambaye kwa miezi mitatu hakumfundisha wimbo hata mmoja. Alikuwa anampa gitaa lililolegea makusudi, anamwambia, "Nirudishie likiwa sawa." Tu. Kijana anaondoka nalo, kesho analirudisha, seremala anapiga uzi mmoja kwa kidole gumba, anatikisa kichwa, anamrudishia.

Nikafungua maiki nikamwomba aanze upya. Tuliongea dakika ishirini na mbili bila mimi kuigusa karatasi yangu.

Kwa hiyo ndugu yangu msomaji, uliza kuhusu mikono. Usimwambie mtu "tueleze historia yako kwa ufupi", kwa sababu atakupa ile ile aliyoizoea, imekauka kama gome. Muulize kwa nini kamba ya gitaa lake ameifunga upande ule. Muulize ni sehemu gani ya wimbo humshinda kila akiupiga mbele za watu, au aliurekodi mara ngapi kabla hawajaridhika, na ile ambayo hawakuichagua ilikuwa na kasoro gani. Mwanamuziki ana majibu ya hayo tele, na hakuna anayemuuliza. Nimeshasema, nasema tena: mikono.

Maiki, kwa kifupi. Chukua ya aina ya dainamiki, si kondensa. Kondensa ina masikio makali. Katika chumba kisichotengenezwa kwa kurekodi itakuletea feni, kiti kinacholia na mlango wa jirani. Shure SM58 imekuwepo tangu 1966 na bado imejaa kwenye majukwaa; ukipata iliyotumika na waya wake mzima, inatosha. Iwe ngumi moja kutoka mdomoni, uigeuze ubavuni kidogo ili herufi P isiipulize. Mgeni akija na gitaa lisilo la umeme, usiielekeze maiki kwenye tundu, utapata mvumo kama wa pipa. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili. Bangili, saa na funguo za mfukoni vitoke kabla hujaanza. Niliwahi kumhoji mpiga ngoma mwenye bangili tatu za chuma, na kila akiishusha mikono mezani ilikuwa kama tuko gereji.

Wageni utawapata kwa kwenda wanakopiga, ukabaki hadi wanakunja nyaya. Hakuna njia nyingine ninayoijua.

Na usione haya kuwa mwanafunzi wa kazi hii. Mwingereza John Peel alitangaza BBC Radio 1 tangu ilipoanza 1967 hadi alipofariki 2004, akiwapigia watu bendi ambazo vipindi vingine havikuzigusa, na mara nyingine aliweka santuri kwa kasi isiyo yake, wimbo ukatoka kama unaburuzwa. Alikiri, akaendelea. Studs Terkel kule Chicago alihoji watu kwenye redio WFMT kuanzia 1952 hadi 1997, wanamuziki wengi wakiwemo, na alijisema mwenyewe kwamba mashine za kurekodia zilikuwa zinamshinda. Alisema hiyo ilimsaidia: mgeni anapokuonyesha kuwa mkanda hauzunguki, anajiona wa maana. Hao walikuwa wakubwa. Mimi na wewe tuna ruhusa zaidi ya kukosea.

Sasa turudi kwa kijana wetu, kwa sababu nimesema nina donge. Wanamuziki mnaosoma hapa, niruhusuni. Kuna mtu aliyewafungulia mlango kabla hamjawa na jina. Alisafisha studio mwenyewe, akaja na spika yake mgongoni, akaupiga wimbo wenu wakati hamjampata hata fundi wa kuusafisha sauti. Mkifika juu mkaulizwa nani alikuwa wa kwanza, mtajeni. Haiwapunguzii kitu. Mti hausimami bila mizizi, na mizizi yenyewe haiombi kupigwa picha, inaomba tu isikanwe…

Nilikuwa nimeandika aya nyingine mbili za namna hiyo. Nimezifuta, kwa sababu kuna kitu sijakisema.

Usiku ule, baada ya kumsindikiza kijana hadi barabarani, nilikuta ujumbe wa dada yangu kwenye simu: "Mbona leo redio yenu inachemka tu kama mafuta?" Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa umezimika kabla hata hatujaanza. Aliyekuwa zamu alijua, akadhani nimeambiwa. Ile saa nzima, penseli, seremala na nyimbo mbili alizopiga pale pale, tulikuwa tunaviongea na ukuta. Nilikuwa nimerekodi, ndiyo, lakini chaja ya kompyuta ilitia muungurumo mwanzo hadi mwisho na sikuwahi kuurusha.

Na kijana alikuwa amewaambia watu wake wote wakae redioni.

Sikumpigia kumwambia. Nilijisemea nitamwita tena tufanye upya, wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Nadhani alishajua usiku ule ule. Nyumbani kwao lazima walimuuliza ulikuwa wapi. Basi kwa haki kabisa, aliposema juzi ni mara yake ya kwanza kuhojiwa redioni, hakudanganya. Kwangu alihojiwa, ila redioni hakusikika.

Kwa hiyo kabla ya maiki, kabla ya maswali, nunua kiredio kidogo cha betri ukiweke studioni, kiwe kwenye masafa yenu, kikishika mawimbi ya hewani, si waya wa mitambo yenu wenyewe. Usitegemee kusikia kwenye vipokea sauti vya masikioni. Mara nyingi vinakurudishia kinachotoka kwenye meza yako ya kuchanganyia sauti, navyo vitakuimbia vizuri hata mnara ukiwa umeanguka. Usitegemee matangazo ya intaneti pia, maana hayo huchelewa kwa sekunde kadhaa hadi nusu dakika na huenda yanapita njia nyingine kabisa. Kwenye FM jifunze tofauti hii: ukisikia ule mchemko wa mchanga, mtambo haurushi. Ukikuta kimya kikavu, hata mchemko hakuna, mtambo unarusha ila sauti yenu haiufikii. Simu unazopiga ni tofauti, ya kwanza kwa anayeangalia mnara, ya pili kwa fundi wa studio. Sauti ya kiredio izime maiki zikiwa wazi, la sivyo itaanza kupiga yowe. Kisikilize kila wimbo unapopigwa.

Changu kimefungwa kwa gundi ya karatasi juu ya meza, antena imepinda. Kina miaka minne.

Kijana nimemwandikia baada ya kile kipindi. Nimempongeza, nimemwambia sauti ya gitaa ilitoka safi, na kwamba habari ya penseli nimeipenda. Mengine sikuyagusa. Kanijibu kwa picha ya kidole gumba, na dakika kumi baadaye ikafuata picha nyingine: kipande cha penseli kifupi kama kucha, kiko juu ya kisanduku cha gitaa jipya.