Ndege imefutwa, nami nikapanga foleni

Juzi usiku dada mmoja anayefuatilia makala zangu alinitumia picha ya karatasi akiwa uwanja wa ndege. Chini yake aliandika: "Kaka, ndege yetu imefutwa. Wanatugawia hizi vocha, wanasema tusaini hapa chini. Nisaini?"

Swali fupi tu. Lakini nilikaa nikiitazama ile picha, maana karatasi hiyo naijua. Ninayo nakala yake kwenye droo, ina saini yangu mwenyewe, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Ngoja nisimulie, kwa sababu wengi wenu mnaosoma hapa mko pale nilipokuwa mimi: mnatuma maombi ya kazi, mnasubiri barua pepe, mnaota ule mlango mmoja utakaofunguka huko nje. Miaka sita iliyopita mlango wangu ulifunguka kidogo. Baada ya miezi saba ya maombi, fomu na usaili wa kwenye mtandao, niliandikiwa kwamba tumebaki watu watatu, na kwamba usaili wa mwisho ni wa ana kwa ana, Jumanne saa tatu asubuhi, katika mji mmoja wa Ulaya. Habari za viza nayaacha. Aliyepita huko anajua, na ambaye hajapita nisimtishe.

Nikanunua tiketi. Ndege ya kwanza ya masafa marefu, kisha kuunganisha ndege fupi Jumatatu jioni na kufika saa nne usiku. Ilikuwa ndege ya mwisho ya siku kuelekea mji ule. Niliichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote, tena nitaokoa gharama ya kulala hoteli usiku mmoja. Nilijiona mjanja kweli. Nikamwambia kila mtu jinsi nilivyobana bajeti.

Ndege ya kwanza ilitua salama. Pasipoti ikapigwa muhuri palepale, kwa hiyo nilikuwa nimeshaingia rasmi, sina tena mpaka wa kuvuka (kumbukeni jambo hili, litarudi). Nikaketi getini na suti yangu ndani ya mfuko wake, nimeilaza mapajani kama mtoto. Ubao ukasema ndege imechelewa dakika 40. Halafu saa moja na nusu. Kisha namba ya geti ikatoweka, na baada ya hapo likaja neno jekundu. Imefutwa.

Watu waliinuka wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama, wakaelekea kaunta. Mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa nakunja waya wa chaja. Nilipofika mbele yangu palikuwa na watu zaidi ya mia, na wahudumu wawili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nililelewa kuheshimu foleni. Ukisimama kwa adabu zamu yako itafika, na ikifika utahudumiwa. Nilisimama saa tatu. Ndani ya hizo saa tatu niliwaona vijana wawili mbele yangu wakizungumza na simu dakika kumi, wakacheka, wakachukua mabegi yao wakaondoka. Nikafurahi kwamba foleni imepungua! Haikunijia hata kidogo kujiuliza wanakwenda wapi.

Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja mwenye begi dogo la mgongoni. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia, nikamwambia pia habari ya usaili. Akatazama saa yake. "Treni ya usiku inaondoka saa nne na robo," akasema. "Stesheni iko hapa chini, ghorofa moja. Utafika alfajiri."

Nilimjibu kwamba mimi nina tiketi ya ndege. Nikaona nikiondoka pale wataniandika kwamba nimesusa mwenyewe, nitapoteza haki yangu. Haki gani, hata sikuijua. Mzee akanitazama kidogo kama anayetaka kuongeza neno, akaacha. Nikamwona anashuka na ngazi za umeme mpaka kichwa kikapotea.

Stesheni ilikuwa chini ya miguu yangu, na mpaka nilishauvuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote.

Zamu yangu ilifika karibu saa tano usiku. Dada wa kaunta alikuwa amechoka, sauti imekwisha, na sikuwa na moyo wa kumgombeza. Akanipa ndege ya kesho saa nane mchana, kuponi ya hoteli, na ile karatasi: vocha ya euro 200 ya kununulia safari nyingine ya shirika hilohilo, itumike ndani ya mwaka mmoja. "Saini hapa." Nikauliza sababu ya kufutwa ni nini. Akasema ni sababu za kiufundi. Nikasaini, tena nikamshukuru.

Nililiandikia lile jopo la usaili usiku uleule. Majibu yalikuja asubuhi: poleni sana, lakini jopo linatawanyika saa sita mchana, na kwa nafasi kama hii tunatarajia mwombaji awe ameacha muda wa kutosha kwa dharura. Shirika la ndege nimeshalisamehe. Ile sentensi ya "muda wa kutosha" bado sijaisamehe, na nadhani ni kwa sababu ni ya kweli.

Miezi mingi baadaye, vocha ikiwa imeshakufa bila kutumika, ndipo nilipokaa kusoma. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inamlinda kila anayeondoka uwanja wa nchi za Umoja huo kwa shirika lolote, na pia anayetoka nje kwenda huko kwa shirika la Ulaya. Safari ikifutwa, abiria ndiye anayechagua: arudishiwe nauli yake, au apelekwe aendako mapema iwezekanavyo, au apelekwe siku nyingine inayomfaa. Akisubiri, apewe chakula, na ikibidi kulala, hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi. Na juu ya hayo, kama hakuarifiwa angalau siku 14 kabla, ipo fidia: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa ya kati, na euro 600 kwa safari ndefu ya zaidi ya kilomita 3,500 inayotoka au kuingia Umoja huo. Safari yangu ilikuwa tiketi moja, shirika la Ulaya, kilomita zaidi ya 3,500. Piga hesabu mwenyewe nilisaini nini.

Shirika linaweza kukwepa fidia likithibitisha kwamba kulikuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, kama dhoruba au anga kufungwa. Lakini "sababu za kiufundi"? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kawaida ya ndege ni sehemu ya kazi ya shirika, si ajali ya mbinguni. Na kanuni yenyewe inasema fidia hulipwa kwa fedha. Vocha ni pale tu abiria anapokubali kwa saini yake.

Kwa saini yake! Ndiyo maana wanakimbilia kukupa kalamu.

Hata pale shirika lisipodaiwa fidia, bado linadaiwa kukuhudumia. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland ilirusha majivu angani, safari kama 100,000 zikafutwa, watu wakakwama siku kadhaa. Kesi ilifika mahakama hiyohiyo, na mwaka 2013 ikasema: volkano au si volkano, abiria ale na alale. Kwa hiyo ukiambiwa "hali ya hewa, hatuna la kufanya", omba chakula na kitanda. Wasipokupa, jilipie kwa kiasi, weka risiti, dai baadaye. Risiti, ndugu zangu. Piga picha kila risiti kabla wino haujafifia.

Marekani ni hadithi nyingine. Kule hakuna fidia ya namna hiyo kwa safari iliyofutwa, lakini ukiamua kutosafiri, nauli yako inarudi, na kanuni za mwaka 2024 zinataka irudi bila wewe kuomba, ndani ya siku 7 za kazi kama ulilipa kwa kadi ya mkopo. Kwingine kwingi duniani unategemea Mkataba wa Montreal wa 1999, unaolibebesha shirika hasara iliyotokana na kuchelewa kwako kwenye safari za kimataifa, isipokuwa likionyesha lilifanya kila linalowezekana kuizuia. Hapo tena, bila risiti huna kesi.

Lakini mimi sikuandika haya ili niwe mwanasheria wenu. Euro 600 zisingenirudishia ile kazi. Nilichotakiwa kujua usiku ule ni kwamba ndege ikifutwa, viti vilivyobaki kwenye ndege nyingine ni vichache, na vinagawiwa kwa anayefika kwanza kwa njia yoyote: simu, programu ya shirika, kaunta ya ghorofa nyingine, wakala aliyekuuzia tiketi. Foleni ni njia mojawapo tu, na ndiyo ya polepole kuliko zote. Wale vijana wa simu walilijua hilo. Simama kwenye foleni, sawa, lakini simama huku simu iko sikioni. Ukipata namba ya shirika ya nchi nyingine ambako sasa ni mchana na hawajazidiwa, piga hiyo.

Na usiende kuuliza "mtanisaidiaje?" Nenda na jibu. "Naomba ndege namba fulani ya saa fulani, naona ina nafasi." Au treni. Mhudumu aliyechoka hawezi kukuwazia, ila akikuta umeshawaza, mara nyingi anabonyeza tu.

Halafu hii tabia yetu ya ndege ya mwisho. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, na kila ikichelewa asubuhi, ucheleweshaji unarithiwa na safari ya mchana, na ya mchana inairithisha ya jioni. Rubani na wahudumu nao wana saa zao kisheria, zikiisha hawaruki hata kama ndege ni nzima na abiria wote wamekaa. Desemba 2022 shirika la Southwest la Marekani lilifuta karibu safari 17,000. Dhoruba ndiyo iliyoanza, lakini mashirika mengine yalishainuka huku lenyewe likiendelea kuhangaika kujua marubani wake wako wapi, mfumo wa kupanga wafanyakazi ukiwa umelemewa. Baadaye likatozwa faini ya dola milioni 140. Sasa wewe mwenye usaili saa tatu asubuhi unaiweka maisha yako kwenye ndege ya mwisho ya usiku wa jana yake? Ndege ya kwanza ya asubuhi mara nyingi imelala palepale uwanjani, inakusubiri. Panda hiyo. Nenda siku moja kabla. Ikiwa jambo ni la maisha, nenda siku mbili kabla, ulale popote. Nimesema siku mbili. Anayebana hela ya kitanda kimoja kwenye safari ya maisha yake hajabana bajeti, amecheza kamari.

Jingine: usiwahi kufuta safari mwenyewe kwa hasira kabla shirika halijaifuta. Ukifuta wewe, masharti ya tiketi ndiyo yanayokubana. Wakifuta wao, nauli ni yako. Na ukiunganisha ndege kwa tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikifutwa, shirika la pili halina habari na wewe. Litakuandika hukutokea.

Najua naanza kuhubiri. Nivumilieni, nina sababu. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwama tena, mji mwingine, ubao uleule mwekundu. Watu wakainuka. Mimi sikuinuka kwanza. Nilishaona kwenye Flightradar24, programu inayoonyesha kila ndege iko wapi, kwamba ndege iliyokuwa ije kutuchukua haijaondoka ilikokuwa, kwa hiyo nilikuwa na safari mbili mbadala nimeziandika kwenye kiganja. Nikapiga simu nikitembea kuelekea kaunta. Dakika 35 baadaye nilikuwa na pasi mpya ya kupandia ndege, ya shirika jingine kabisa. Nilipopita pembeni ya ile foleni nilimwona kijana mmoja amelaza suti mapajani. Nikasimama, nikamwonyesha namba ya kupiga. Alinishukuru, akabaki kwenye foleni. Hakuipiga, angalau si kwa muda niliokuwa namtazama.

Basi yule dada nilimjibu kwa urefu, karibu yote haya. Usisaini, uliza sababu ya kufutwa na uombe uandikiwe, chagua mwenyewe kati ya nauli na safari mbadala, tunza risiti. Niliandika kwa dakika ishirini nzima na vidole vikitetemeka kidogo.

Jibu lake lilikuja asubuhi. "Asante sana kaka, Mungu akubariki. Nilishasaini, foleni ilikuwa ndefu."