Kabla hujanunua LED, pima kwanza waya za taa yako

Juzi usiku, hapa Pemba, natoka Wete kusomesha twisheni, narudi nyumbani Chake, nikakuta ng'ombe kalala lami kati kwenye kona ya mteremko kabla ya kufika Ole. Mwekundu, rangi moja na udongo wa pembeni. Nilimwona mapema, nikaachia mafuta, nikashusha gia, nikasimama mbali naye kiasi cha hatua ishirini. Yeye anacheua tu, hana habari. Nikakaa pale juu ya pikipiki nikasema alhamdulillah kwa sauti, maana miaka miwili nyuma ningemwona nikiwa tayari niko mgongoni mwake.

Asubuhi yake nikakuta ujumbe wa kijana wa Micheweni anayepeleka pweza Chake alfajiri: "Mwalimu, taa yangu kama koroboi. Nina elfu thelathini. Ninunue LED gani?" Nimeona nimjibu hapa hapa mbele ya wote, kwa sababu swali hilo niliwahi kuuliza mimi, na jibu nililopewa lilimvunja mtu mkono.

Pikipiki yangu ni cc 125, balbu yake ya wati 35. Njia zetu mnazijua: kilima na mteremko, kona juu ya kona, mikarafuu na miembe imefunika juu, na nguzo za taa unaziacha mjini. Utakuta gari la ng'ombe limepakia kuni, nyuma halina hata kibandiko cha kung'aa. Wanaume wanaotoka kusali Isha afadhali, kanzu nyeupe inaonekana. Mama zetu wenye mabuibui huwaoni mpaka uwafikie. Nilikuwa naendesha nimekunja uso, shingo mbele, nikifika nyumbani kichwa kinauma.

Nikaenda duka la spea nikauziwa LED kwa elfu ishirini na tano. Muuzaji aliiwasha mkononi, sote tukafumba macho, nikatoa pesa. Fundi akaichomeka kwa dakika kumi. Usiku ule nilijiona nimemaliza kazi! Majani ya mikarafuu yanameta mpaka juu, kuta za nyumba zinawaka. Sikujiuliza mwanga huo unafanya nini juu ya miti wakati gurudumu langu liko chini. Mvua zilipoanza, mbele yangu pakawa kama pametandikwa shuka jeupe. Waliokuja kinyume walinipigia fuli, ule mwanga wa juu, wengine honi na matusi. Nikawaona wana husuda.

Kisha, karafuu zilipoanza kuchumwa, baada ya Maghribi, mzee mmoja alikuwa anakuja na baskeli, kafunga mkungu wa ndizi nyuma. Nilimwona akiinua mkono kuziba macho. Baskeli ikaachia lami ikaingia mtaroni. Nilipomfikia alikuwa kakaa kwenye tope, mkono wa kushoto kaupakata kwa wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto, ndizi zimetapakaa. Tukatambuana. Ni mjomba wake mke wangu. Akaniambia, "Mwanangu, sikuiona njia. Umenimulika jua usiku." Hakuongeza neno, na hadi leo hajaongeza. Mkono ulivunjika chini ya kiwiko, na kwa plasta ile hakupanda mkarafuu hata mmoja msimu ule. Nilimlipia wachumaji. Rohoni hakikutoka kitu.

Na mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nachora ubaoni namna kioo kilichobonyea kinavyochukua mwanga wa nukta moja na kuupeleka mbele. Taa ya pikipiki ni somo hilo hilo. Balbu ya kawaida ina uzi mwembamba uliokaa mahali pake hasa, na kile kisahani cha fedha nyuma yake kimekatwa kufuata uzi huo. Chini ya uzi wa dimu, yaani mwanga wa chini, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiruke juu. Zile LED za kuchomeka, vipande vyake vinavyowaka vimebandikwa pande mbili, ni vipana kuliko uzi, na za bei rahisi hata mahali havikai panapotakiwa. Kisahani kinapokea mwanga kisioujua, kinautawanya kwenye miti na kwenye macho ya watu.

Niliing'oa usiku ule ule. Siku ya pili nikaenda kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, Machomane, mtu mzima, hagusi kitu bila testa ya kupimia volti. Aliniambia niwashe injini, nivute mafuta kidogo. Akapima kwenye betri: volti 13.9. Akapima kwenye holda ya taa: 11.2. Akanitazama. "Mwalimu, nyingine zimekwenda wapi?"

Zilikuwa zimeliwa njiani. Waya za kiwandani ni nyembamba, zinapanda hadi kwenye swichi ya mkononi kisha zinarudi, na swichi yenyewe imeungua ndani. Kisha akafungua ethi, ile waya inayorudisha umeme kwenye betri, akaikwangua kwa wembe juu ya kiganja chake. Ikamwagika unga wa kijani. Hewa ya chumvi ya kisiwa hiki haiachi shaba salama. Na balbu ya uzi haivumilii kupunguziwa umeme: mwanga wake unaporomoka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Kwa hesabu ya volti zile, karibu nusu ya mwanga wangu ulikuwa unapotea kabla ya kufika kwenye balbu. Nilikuwa nimenunua jua ilhali ninayo taa nzuri yenye njaa.

Alivuta waya nene kutoka betri, akaweka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, akafunga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme, moja ya fuli na moja ya dimu. Waya za zamani sasa kazi yake ni kuziamsha rilei tu. Ethi mpya ikaenda moja kwa moja kwenye betri. Balbu mpya ya wati zile zile 35, akaishika kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole huiua. Yote pamoja na ufundi haikufika elfu thelathini. Angalizo moja: kuna pikipiki ambazo taa inalishwa na injini moja kwa moja, ukiachia mafuta inafifia. Hizo mpango wake ni mwingine, mwambie fundi aangalie kwanza.

Kisha ukuta, wa kuelekezea taa. Jioni niliisimamisha pikipiki mita 5 kutoka ukuta wa skuli, nikaikalia, mwanafunzi akachora chaki kwa urefu wa kitovu cha taa. Mwanga wa dimu, pale unapokatika juu, nikaushusha sentimita 5 chini ya ile chaki. Ukipakia mtu nyuma, au gunia, taa inatazama miembe, basi pima ukiwa na mzigo unaobeba kila siku.

Vijana, nisikilizeni. Msishindane kwa weupe wa taa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakula mita 17 kila sekunde, na anayekuja mbele yako anazila zake. Ukimpofusha, mmepofuka wawili. Pima waya kwanza. Safisha ethi. Kioo kikiwa na ukungu kisugue, lakini kile kisahani cha fedha usikiguse, rangi yake inatoka. Msitie balbu ya wati 60 kwenye taa ya plastiki iliyotengenezewa 35, itayeyuka. Na ukitaka LED kweli, weka pesa ununue taa nzima iliyoundwa kwa LED, na iwe ya nchi zinazopita kushoto kama sisi. Ile ya wanaopita kulia inatupa mwanga upande wa mwenzako. Lakini pima waya kwanza.

Wewe wa Micheweni, njoo Jumamosi baada ya Alasiri, testa ninayo. Elfu thelathini yako usiitoe mfukoni bado.

Mjomba bado anapita ile njia na baskeli yake jioni. Nilimnunulia taa ndogo ya mbele na nyekundu ya nyuma. Nikiiona inachomoza kwenye kona nashusha dimu mapema, na yeye hugonga kengele mara mbili.