Maswali na majibu: Hakuna anayejua kindege kitaanguka wapi

Nimerundikiwa tena maswali ya kasino za simu, na mengi ni yale yale niliyokwisha kuyajibu. Nayarudia kwa sababu kila wiki kuna mtu mpya anatumiwa linki ya kupigwa. Wengi wenu mnabeti tayari, kwa hiyo sitaeleza dau ni nini. Kwa mgeni tu: kindege ni kile cha mchezo wa Aviator, kinapaa na kizidishi cha dau kinapanda nacho (2x ni dau mara mbili), nawe unatakiwa utoke kabla hakijaanguka.

Kaka, Telegram kuna programu ya kutabiri Aviator, wanauza 30,000. Jamaa wanaonyesha kabisa video wanavyoshinda. Ni ya kweli? (Msomaji, Tandika)

Hapana. Si hiyo tu, zote.

Mpwa wangu aliniletea moja, ameshailipia. Tulikaa barazani, nikamwambia aifungue. Duara likazunguka, yakatokea maandishi "inaunganisha na seva", kisha ikaja 4.32x kwa kijani. Nikamwambia azime data. Akazima. Na Wi-Fi je? Akazima nayo. Sasa bonyeza tena. Duara likazunguka, "inaunganisha na seva", halafu 2.18x. Akaitazama simu, akanitazama mimi, asiseme kitu. Programu ile haikuwa imeunganishwa na chochote. Ilikuwa inajiokotea namba na kuzipaka rangi. Lakini tulipoingia kwenye mipangilio tukakuta ilishaomba, na yeye akaipa, ruhusa ya kusoma SMS. Huko kwenye SMS ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za kufungulia akaunti zako. Elfu 30 ilikuwa kiingilio tu, mzigo wenyewe ulikuwa unatafutwa kwingine.

Na zile video: akaunti ya majaribio ina pesa za bure na skrini inafanana na ya kweli. Kuna jambo la pili ambalo wengi hamlijui. Wenye magrupu wengi ni mawakala wa kampuni za kubeti. Ukijiunga kupitia linki yao, mara nyingi hulipwa asilimia ya pesa unayopoteza wewe. Soma tena sentensi hiyo. Anayekupa "signal" anapata kitu siku ulipoliwa.

Nikiweka jero kindege kinafika 15x. Nikiweka elfu 20 kinaanguka 1.04. Wananiona, sivyo? (Msomaji, Morogoro)

Kindege ni kimoja kwa wachezaji wote waliopo kwenye raundi ile. Wakati wewe umeweka elfu 20, mwingine ameweka jero na kimemwangukia pale pale. Kumbukumbu yako imeshika siku iliyouma.

Ila swali lako lina msingi, maana mtu ana haki ya kudai ushahidi. Kwa mchezo huu ushahidi upo, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoufungua.

Chukua mfano huu. Mimi na wewe tunacheza kutaja namba. Ili usinishuku kwamba nabadilisha namba baada ya kuona dau lako, naiandika kwenye karatasi, naitia kwenye bahasha, naibandika na kukupa uishike wewe. Ndipo unaweka dau. Tukimaliza unaifungua. Nikiwa nimedanganya, karatasi inanisuta.

Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe uliotoka 2019, unafanya hivyo kwa hesabu. Kabla ya raundi seva inatengeneza msururu wa alama za nasibu unaoitwa mbegu. Haikuonyeshi mbegu, inakuonyesha hashi yake, yaani msururu mwingine unaokokotolewa kutoka kwenye mbegu hiyo, na hiyo hashi ndiyo bahasha. Kutoka kwenye mbegu kupata hashi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, kutoka kwenye hashi kupata mbegu, hakuna njia inayojulikana, na ukibadilisha herufi moja tu ya mbegu hashi yote inageuka. Kisha mbegu ya seva inachanganywa na mbegu kutoka kwenye simu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau raundi ile. Mchanganyiko unapitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-512, na jibu lake ndilo linaloamua kindege kianguke wapi.

Rudi sasa kwa yule wa Tandika. Kabla watu watatu hawajaweka dau, sehemu ya kinachoamua matokeo bado haijazaliwa. Huyo anayeuza utabiri anakisoma wapi?

Kwenye historia ya raundi kuna alama ya kijani pembeni ya matokeo. Ibonyeze, utaona mbegu zote na hashi. Zinakili, uzipitishe kwenye kikokotoo chochote cha SHA ambacho si cha kampuni, ulinganishe. Fanya hata mara moja. Nawaomba hivyo kwa sababu kuna tovuti zenye kindege cha kuiga, rangi ile ile, sauti ile ile, lakini ukitafuta mbegu hakuna, au zipo na hazilingani. Hapo umeingia kwa wezi.

Ujue pia bahasha haithibitishi nini. Inathibitisha kwamba matokeo hayakuguswa baada ya dau lako. Haithibitishi kwamba utalipwa, wala kwamba mchezo una faida kwako. Na michezo mingi ya sloti haina kabisa bahasha hiyo, unabaki kutegemea wakaguzi.

Zikija 1.0 tano mfululizo, kubwa inafuata, si ndiyo? (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Kila raundi ina mbegu zake, na raundi ya sita haijui kilichotokea kwenye tano.

Shikamoo. Kama RTP ni 97%, mbona naweka elfu 50 na inaisha yote? Si nilitakiwa nibaki na 48,500? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza swali zuri kuliko yote wiki hii.

RTP ni sehemu ya madau inayorudi kwa wachezaji. Asilimia 97 hiyo haihesabiwi kwenye pesa uliyoingiza. Inahesabiwa kwenye kila dau, kwa wastani wa raundi nyingi sana. Ukizungusha elfu 50 yote mara moja, wastani unarudi 48,500. Lakini huishii hapo, unaizungusha hiyo 48,500, inarudi 47,045. Ukishazungusha salio lako lote mara 23 kwa mtindo huo, nusu yake imekwisha kwa wastani, na hakuna aliyekudanganya mahali popote. Raundi ya kindege huchukua sekunde chache tu. Mizunguko 23 kwa mtu aliyekaa kitandani na simu ni jioni moja.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote niliyoandika humu. Mchezo wa haki maana yake dadu haijachongwa. Ile 3% inayobaki ni ya mwenye nyumba, yaani kasino, imeandikwa wazi, na kadiri teknolojia inavyokuwa safi ndivyo anavyokuwa na uhakika zaidi wa kuipata. Hana haja ya kukuibia.

Mimi nadablisha. Nikiliwa jero naweka buku, nikiliwa buku naweka elfu mbili, natoka kwenye 2x. Lazima irudi. Kwa nini watu wengine hawafanyi hivi? (Msomaji, Mombasa)

Bwana wangu, wanafanya, na wanaliwa. Tupige hesabu kwa shilingi ulizozitaja.

Kwa RTP ya 97%, ukitoka daima kwenye 2x unafaulu kama mara 48.5 kati ya 100. Kila mfululizo ukifaulu faida yako ni jero, basi. Ukiliwa mara saba mfululizo umeshatoa 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000 na 32,000, jumla 63,500, na ya nane inataka 64,000 ambayo pengine huna, au kikomo cha dau kimekuzuia. Kuliwa mara saba mfululizo hutokea takriban mara moja katika kila mifululizo 104. Kwa hiyo unakusanya jero 103, ambazo ni 51,500, kisha siku moja unatoa 63,500. Wiki za mwanzo utajiona umegundua siri, na hizo wiki za mwanzo ndizo zinazomfanya mtu akope.

Nikifuta data za programu au nikicheza saa tisa usiku nabahatika zaidi. Kweli? (Msomaji, Arusha)

Matokeo yanatoka kwenye seva, simu yako ni kioo tu. Saa tisa usiku ulale.

Tovuti ina alama ya kufuli pale juu. Inatosha kujua ni salama? (Msomaji, Dodoma)

Haitoshi. Kufuli linakuambia barabara kati ya simu yako na seva imefungwa, hakuna anayechungulia njiani. Halikuambii nani anakaa mwisho wa barabara. Cheti cha kufuli kinapatikana bure ndani ya dakika chache, na tapeli anakichukua kama mtu mwingine yeyote.

Kinachoniogopesha zaidi ni mafaili ya APK, yale ya kusakinisha programu za Android, mnayotumiana WhatsApp. Ukisakinisha programu kutoka nje ya duka rasmi la programu lililomo kwenye simu, soma ruhusa moja moja. Mchezo hauhitaji SMS zako, hauhitaji namba za watu wako, na hauhitaji huduma za ufikivu, ile ruhusa inayoiwezesha programu kusoma skrini na kubonyeza badala yako. Ukiipa hiyo ya mwisho, umempa mgeni mkono wako. Na hakuna kasino yoyote halali inayouliza namba ya siri ya pesa za simu. Namba hiyo unaiweka kwenye menyu ya mtandao wako wa simu tu.

Chini ya tovuti kuna nembo za GLI na eCOGRA. Si ndiyo uhakika tayari? (Msomaji, Tanga)

Nembo ni picha, mtu yeyote anaipakua. GLI, iliyoanza Marekani 1989, na eCOGRA ya London, iliyoanza 2003, ni maabara za kweli, zinapima jenereta za namba nasibu na kuangalia kama michezo inarudisha kile ilichoandika. Nembo ya kweli ukiibonyeza mara nyingi inakupeleka kwenye cheti kilichoko kwa mwenye maabara. Isipokupeleka, andika mwenyewe anwani ya maabara na utafute jina la kampuni. Vivyo hivyo kwa leseni: nenda mwenyewe kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, usiamini namba iliyobandikwa na muuzaji.

Na hata cheti cha kweli kina mipaka yake. Mwaka 1999 wahandisi wa Marekani walichunguza uchanganyaji wa karata uliotumika kwenye Planet Poker, tovuti ya kuchezea poka mtandaoni. Watengenezaji walikuwa wameuweka hadharani ili watu waone ulivyo wa haki. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna ambazo idadi yake ina tarakimu 68. Programu ile ilichota mbegu yake kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu usiku wa manane, nazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Wahandisi wakalinganisha saa yao na ya seva, wakabaki na mipangilio kama 200,000. Wakishaona karata zao mbili na tatu za mezani, walijua za kila mtu. Hakukuwa na mwizi pale, ilikuwa mbegu mbovu. Ndiyo maana leo mbegu inatakiwa itoke kwenye vyanzo visivyokisika, saa pekee haitoshi.

Mwizi wa kweli alikuwa Eddie Tipton, mkuu wa usalama wa mifumo kwenye chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani. Aliingiza msimbo wake kwenye jenereta ili siku tatu fulani za mwaka namba zitabirike. Droo ya Iowa ya Desemba 2010, dola milioni 16.5, ndiyo iliyomfichua, maana tiketi ilikaa karibu mwaka mzima bila mwenyewe kujitokeza. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Kwa hiyo ukiniuliza kinachonipa imani, ni ukaguzi unaorudiwa, na mkaguzi anayelinganisha programu iliyoko kwenye seva leo na ile aliyoipitisha.

Ruleti ya moja kwa moja yenye mtu anayezungusha, ni video ya kurekodi? (Msomaji, Kigoma)

Kwa kampuni kubwa, hapana. Evolution wana studio Riga, Latvia, gurudumu ni la kweli na kamera zinasoma namba na kuituma kwenye simu yako. Lakini sifuri ya kijani nayo ni ya kweli, na ndiyo mgao wa nyumba.

Nimeshinda 1,800,000. Wanasema nilipe kwanza kodi 150,000 ndipo watoe. Nilipe? (Msomaji, Mbeya)

Usilipe hata shilingi. Kampuni yenye leseni inakata kodi ya ushindi kwenye ushindi wenyewe. Hao ni matapeli na hiyo milioni haipo. Ukilipa watakuletea ada nyingine. Piga picha za skrini, upeleke polisi na kwenye Bodi.

Mwanangu ana miaka 16. Nimekuta ujumbe wa kuweka pesa kwenye simu yangu, anatumia laini yangu. Nifanye nini? (Mama, Temeke)

Dada yangu, pole. Umri wa kubeti ni 18, na akaunti hiyo pengine imeandikishwa kwa jina lako. Leo hii badilisha namba ya siri ya pesa za simu, usimwambie mtu. Kisha piga simu kampuni, waambie akaunti ya namba yako inatumiwa na mtoto, uombe ifungwe kabisa, na udai ujumbe wa maandishi unaothibitisha.

Halafu omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Kaa naye mezani, bila kelele, ukiwa na kalamu na kikokotoo. Yeye asome kila kiasi kilichoingia na kilichotoka, wewe uandike. Mwache ajumlishe mwenyewe.